Je, wajua? Kusukutua kinywaji cha sukari na kukitema kunaweza kumwongezea mwanamichezo kasi

Katika mashindano ya takriban saa moja, wapo waendesha baiskeli na wakimbiaji wanaosukutua kinywaji chenye wanga kwa sekunde chache, kisha wakakitema. Mara nyingi huenda kasi kuliko wakisukutua maji matupu.

Wengi hudhani kuna sukari inayoponyoka na kushuka kooni hadi kwenye misuli iliyoishiwa nguvu. Hesabu inakataa. Misuli ya mwanamichezo aliyekula vizuri huhifadhi gramu 400 hivi za wanga uitwao glaikojeni, na ini lina kama gramu 100 nyingine. Saa moja ya kazi kali haimalizi akiba hiyo. Hata anayemeza chupa nzima hafaidiki sana kwa njia hii: kinywaji hukawia tumboni, utumbo hukifyonza taratibu, na katika saa hiyo ya kwanza misuli huchoma sehemu ndogo tu ya sukari aliyokunywa.

Carter, Jeukendrup na Jones wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walilipima jambo hili kwa njia mbili, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Kwanza waliwawekea waendesha baiskeli dripu ya glukosi, gramu moja kwa dakika, moja kwa moja kwenye mshipa. Sukari iliongezeka kwenye damu, kasi haikuongezeka. Kisha waendesha baiskeli tisa walisukutua maji yenye maltodekstrini, wanga usio na utamu wa maana, wakayatema. Wastani wa muda wao ukashuka kutoka dakika 61 na ushei hadi chini ya 60, karibu asilimia 3. Yaani sukari iliyoingia kwenye damu haikufaa kitu, na iliyoishia kinywani ikafaa.

Mfikirie mama anayeshika ufunguo wa ghala. Nafaka ipo, ila anaipima kwa kibaba kidogo kwa kuwa hajui mavuno mengine yatafika lini. Mtoto anakuja mbio: gunia limeonekana njiani! Hapo mama anaanza kujaza kibaba, ingawa ghalani haijaongezeka hata punje. Ubongo nao huwa na tabia hiyo ya kubana matumizi kabla akiba haijaisha, na kinywa ndicho kinachouletea habari.

Wala habari yenyewe si utamu. Mwaka 2009, mtafiti Chambers na wenzake walipiga picha za ubongo wa watu wakiwa na glukosi au maltodekstrini kinywani. Sehemu zinazohusika na raha na msukumo wa kutenda ziliamka. Kwa sakarini, iliyo tamu lakini haina wanga, hazikuamka vivyo hivyo. Kipokezi cha kinywani, yaani kihisio kinachotofautisha wanga na utamu mtupu, bado hakijathibitishwa.

Tahadhari ni nyingi. Majaribio haya hutumia watu wachache, mengine hayakuona tofauti yoyote, na faida huelekea kupungua kwa aliyekula muda mfupi kabla. Mashindano yakizidi saa moja na nusu, akiba huanza kupungua kwelikweli na habari tupu haitoshi: hapo wanga humezwa, kwa kawaida gramu 30 hadi 60 kwa saa. Kusukutua humfaa zaidi yule ambaye tumbo lake hukataa kinywaji akiwa mbioni, mradi akumbuke kwamba sukari iliyotemwa imeshapita kwenye meno.