Kurudisha mahari si talaka

Mama mmoja wa Katuba aliketi mbele yangu mimi avoka (wakili) hapa Lubumbashi, akatoa kwenye pochi karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Wajomba wa pande mbili walikuwa wameandika kwa bic ya bluu kwamba ndoa imekwisha na mahari imerudishwa. Wakatia sahihi, mmoja aliweka kidole gumba. Mikunjo ilikuwa imeanza kupasuka, kwa kuwa mama huyu ameitembeza karatasi hiyo miaka minne akiamini ameachika. Kwa sheria, bado alikuwa mke wa mtu.

Mambo haya yananiumiza, maana wazee wale hawakuwa na nia mbaya. Lakini Kanuni ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haiachi shaka: talaka hutolewa kwa hukumu ya tribinali (mahakama). Wazee hawaitoi, padri na mchungaji hawaitoi, komini (ofisi ya serikali ya mtaa) haiitoi, na mume akimfukuza mke nyumbani hajampa talaka.

Na tazameni hasara yake. Bwana alikuwa ameanza kutafuta mnunuzi wa lopango (kiwanja) lao, na mama akaona hana la kusema kwa sababu "tumekwisha kuachana". Analo, tena kubwa. Wanandoa wasipochagua utaratibu wa mali siku ya kuoana, walichochuma wakiwa katika ndoa huhesabiwa kuwa chao wote wawili. Nyumba au kiwanja cha namna hiyo hakiuzwi bila wote wawili kukubali. Siku ileile tuliandika barua ya kupinga mauzo, kabla hata ya kugusa habari ya talaka.

Ombi la talaka hupelekwa kwa prezida (hakimu mkuu) wa tribinali ya amani, pale anapokaa mwenzako au pale mlipokaa pamoja mara ya mwisho. Hapo ndipo wengi wanashtuka: hatua ya kwanza ni upatanisho, na mnaingia ninyi wawili bila avoka. Mimi nabaki nje kwenye benchi. Kwa hiyo kazi yangu kubwa naifanya kabla. Namwomba mtu anisimulie tangu mwanzo, pole pole, mara mbili au tatu, mpaka aweze kusema bila kutetemeka. Prezida anataka kujua kama ndoa imeharibika kiasi cha kutotengenezeka. Mkiwa mmetengana miaka 3 au zaidi kwa sababu mmoja wenu aliondoka, sheria inachukulia kwamba imeharibika hivyo, ila mwenzako anaweza kuleta ushahidi wa kupinga.

Kesi haiwazuii watoto kula. Wakati mnangoja hukumu, unaweza kuomba hatua za muda: nani akae na watoto, nani akae wapi, na pesa za matunzo. Ombeni mapema! Nimeona akina mama wakivumilia miezi mingi kwa kudhani lazima hukumu itoke kwanza.

Njoo na hati ya ndoa, hati za kuzaliwa za watoto, karatasi za lopango, na chochote kinachoonyesha mapato ya mwenzako. Kama ndoa ilifungwa katika familia tu na haikuandikishwa, usikate tamaa. Tutaanza kwa kuiandikisha.

Huna pesa? Uliza ofisi ya ushauri wa bure ya baro (chama cha mawakili), kisha uombe cheti cha kuonyesha huna uwezo. Mbele ya tribinali ya amani, mtetezi wa mahakama pia anaruhusiwa kukusimamia, si avoka peke yake. Yeyote utakayemlipa, dai risiti, hata kwa pesa ya fotokopi.

Mama wa Katuba ataingia kwa prezida Jumanne. Jana aliniuliza kama aichane ile karatasi ya wajomba. Nimemwambia aje nayo: haimpi talaka, lakini tarehe iliyo juu yake inasaidia kuonyesha tangu lini wametengana.