Uvimbe kwenye titi: neno lenyewe linasema nini

Juzi saluni, hapa Majengo, Dodoma, binti mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba dada yake kakutwa na uvimbe kwenye titi. Msusi mikono ikamsimama kichwani mwake: "Mungu wangu, saratani!" Mama aliyekuwa akisubiri zamu akamtuliza: "Unauma? Kama hauumi, wa kawaida tu huo." Dakika haijaisha, uvimbe umeshapewa majina mawili, na katika sisi hakuna aliyeugusa. Nimeyasikia maneno haya mara nyingi mno, ndiyo maana naandika.

Uvimbe ni mahali palipotuna kuliko palivyokuwa. Basi. Neno limetoka kwenye kuvimba, kitenzi kilekile cha mguu ulioteguka na maharage yaliyolala kwenye maji. Halisemi ndani kuna nini: maji, usaha, mafuta au nyama iliyojiotea.

Saratani ni neno jingine kabisa. Limetoka Kiarabu na maana yake ni kaa, yule wa pwani mwenye magando. Wanaofuata falaki mpaka leo wana nyota ya Saratani. Kansa nayo tumeitoa kwa Waingereza, wao wakaitoa kwenye Kilatini, na huko pia ni kaa. Nyuma yao wote wako Wagiriki: tabibu wao wa kale, Hippocrates, aliuita ugonjwa huu karkinos, kaa tena, na Galen, tabibu wa karne ya 2, akaeleza titi lenye saratani ambalo mishipa yake imetuna kila upande kama miguu ya kaa. Huo ni ugonjwa uliokwisha kutambaa. Dada wa yule binti ana kitu cha ukubwa wa punje ya zabibu, na sisi tumeshamtundikia miguu yote ya kaa.

Lakini "wa kawaida" linanikera zaidi, kwa sababu linambakiza mtu nyumbani. Ni kweli uvimbe mwingi wa titi, hasa kwa mabinti, si saratani. Kuna unaoitwa fibroadenoma: weka zabibu chini ya khanga uibonyeze kwa kidole, utaona inavyokukimbia, ndivyo unavyoteleza. Wa saratani mara nyingi ni mgumu na umeshika, kama kokoto kwenye udongo wetu wakati wa kiangazi. Mara nyingi, si mara zote. Mkono hudanganywa, hata wa daktari. Na kuhusu maumivu, yule mama aliligeuza jambo: saratani ya titi mwanzoni kwa kawaida haiumi. Kinachouma sana mara nyingi ni jipu la anayenyonyesha, au titi linalojaa kabla ya hedhi.

Ndiyo maana hospitali hawaishii kwenye mkono. Daktari anapapasa titi na kwapa, kisha inapigwa picha: altrasaundi kwa wenye umri mdogo, mamografia, yaani eksirei ya titi, zaidi kwa waliofika miaka 40 na kuendelea. Pakibaki shaka, wanachukua kinyama kwa sindano kikaangaliwe kwa hadubini. Wapo wanaokimbia hapo, wakisema uvimbe ukiguswa na chuma unageuka saratani. Sindano hiyo haigeuzi uvimbe kuwa saratani. Inasoma kilichokuwemo tayari, na ni hapo tu neno saratani, au neno kawaida, linapata haki ya kutamkwa.

Nikamwambia msusi, "Dada, tuseme ana uvimbe, bado haujapimwa." Akaniuliza, sasa wamwambie nini? Aende wiki hii, nikamjibu, na asiende peke yake. Akirudi msimuulize kama unauma. Muulizeni wamempima nini, na kama kinyama kimechukuliwa, majibu yanatoka lini.