Kukosa kibali si kukosa haki

Wengi huamini kwamba mhamiaji akishakosa kibali, sheria haimjui tena. Si kweli. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 unamlinda kila mtu aliye ndani ya nchi iliyouridhia. Ni haki chache tu, kama kupiga kura, zilizoachiwa raia. Serikali inaweza kumrudisha kwao kwa kufuata sheria. Kumtesa au kumweka mahabusu kiholela, hapana.

Chukua kibarua wa ujenzi asiye na kibali, aliyemaliza miezi mitatu bila malipo. Akidai, bosi anacheka: "Nenda polisi, tuone nani atalala ndani." Mkataba wa wafanyakazi wahamiaji wa 1990, kifungu cha 25, unalisema hilo waziwazi: kukosa kibali kwa mfanyakazi hakumfutii mwajiri deni. Tatizo ni kwamba nchi nyingi tajiri zinazowapokea hazijauridhia.

Hapo ndipo sera za ndani zinapohitajika. Mkaguzi wa kazi, au hata nesi wa zamu, asipolazimika kupeleka majina uhamiaji, kibarua yule atathubutu kulalamika. Akinyamaza, anayefaidi ni bosi (na mwenyeji anayebeba zege pembeni yake naye hushushiwa ujira).