Dairekta ni nani hasa, na anaanzia wapi?

Asubuhi dagaa wanapopakuliwa Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, ukikuta kikosi kinashuti tangazo, macho ya watu yanakwenda moja kwa moja kwa aliyeshika kamera. "Dairekta ndiye yule?" Mara nyingi siye. Dairekta ni yule aliyesimama pembeni akitazama skrini ndogo, ambaye baada ya kila mkupuo anasogea kwa mwigizaji na kumwambia kwa sauti ya chini, "Mama, turudie. Safari hii usimwangalie mteja, angalia ndoo."

Mwongozaji, kwa jina lake la Kiswahili, ndiye anayeamua hadithi ionekane vipi na isikike vipi. Mpiga picha anajua lenzi na mwanga. Mhariri anajua kukata na kuunga. Prodyuza anahangaika na fedha, magari, chakula cha kikosi na kibali cha Bodi ya Filamu, maana sheria ya filamu tuliyonayo ni ya tangu mwaka 1976 na hairuhusu uanze kushuti bila karatasi. Mwongozaji anaweza kuwa hazijui kazi hizo kwa undani kama wenyewe, lakini wote wanamsubiri yeye aseme lipi lichukuliwe na lipi liachwe. Kinacholipwa ni uamuzi wake.

Kwenye matangazo uamuzi huo unauzwa kabla hata kamera haijawashwa. Kampuni yenye bidhaa inakwenda kwa wakala wa matangazo, wakala anabuni wazo na kuandika skripti, kisha anawaita waongozaji wawili au watatu. Kila mmoja anaandika tritimenti: kurasa chache za maneno na picha zinazoeleza yeye angeifanyaje kazi ile. Tuseme skripti inasema tu, "Familia inakula sangara aliyekaangwa kwa mafuta yetu." Mwongozaji wa kwanza anataka kuanzia usiku ziwani, taa za wavuvi zimetapakaa majini kama mji mwingine. Wa pili anataka jiko dogo la Mabatini, hakuna muziki, unasikia mafuta yanavyochemka na mtoto anayeuliza kama chakula tayari. Skripti ni moja, matangazo ni mawili tofauti kabisa. Tofauti hiyo ndiyo mwongozaji.

Na akishinda yule wa taa, kazi inaanza kwenye kalenda ya mwezi. Wavuvi wa dagaa wanavua kwenye giza, kwa sababu taa zao ndizo zinazowavuta dagaa. Mbalamwezi ikiwaka wengi wanapumzika na mitumbwi inabaki ufukweni. Anayekuja Mwanza na kikosi cha watu 20 bila kuuliza mwezi uko wapi atalipa hoteli bure. Jua nalo lina tabia yake. Tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, jua linatua wima, upande wa Kamanga ng'ambo ya maji, na ule mwanga wa dhahabu kila mtu anaoutaka unapita upesi. Mwongozaji mzuri anakuwa amefanya mazoezi na waigizaji tangu saa kumi, ili mwanga ukifika asiwe bado anawaeleza wasimame wapi.

Tangazo la sekunde 30, kwa mwendo wa picha 25 kwa sekunde, ni picha 750. Filamu ya saa moja na nusu ni 135,000. Lakini ugumu wa filamu hauko kwenye wingi. Kwenye tangazo unatunza hisia moja hadi jina la bidhaa litokee. Kwenye filamu unambeba mtu kutoka mwanzo hadi mwisho, na mtazamaji akiacha kumwamini katikati, uzuri wa picha haukusaidii.

Njia ya kufika huko haina barabara moja. Wapo wanaopitia darasani: mawasiliano ya umma pale SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) Malimbe, sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo. Hapa Mwanza wengi tunaanza na harusi na kwaya, na sikubaliani na wanaozidharau kazi hizo. Harusi haina "turudie". Pete ikivishwa imevishwa, kwa hiyo unajifunza kusoma tukio kabla halijatokea na kusimama mahali sahihi mapema. Kwaya inakufundisha kupanga watu 40 juu ya mawe na kusikilizana na kamati ya kanisa. Video yangu ya kwanza ya kwaya niliishuti saa saba mchana, jua utosini, na nyuso zote zikatoka na vivuli vyeusi machoni. Niliwarudisha mawe yale yale Jumamosi iliyofuata saa kumi na moja jioni, kwa nauli yangu.

Kitu ambacho harusi na kwaya hazifundishi ni kuongoza uigizaji. Hilo unalipata kwa kutengeneza filamu fupi zako, hata kwa simu, na kukaa na mwigizaji hadi aache kuigiza. Ongeza tangazo moja la majaribio, la bidhaa unayoibuni mwenyewe, uyaunganishe yote yawe shourili, yaani video ya kuonyesha kazi zako, ya dakika moja na nusu. Wakala hasomi vyeti, anatazama shourili.

Wengine wanaingia kama wasaidizi kwenye seti. Ni shule nzuri, ila msaidizi wa kwanza wa mwongozaji ni bingwa wa ratiba na nidhamu ya seti. Ukikaa hapo miaka kumi utakuwa bingwa wa ratiba, na huenda hakuna atakayekukabidhi hadithi.

Kutoka matangazo kwenda filamu, njia ipo na wengine wameshaipita. Ridley Scott alianzisha kampuni ya matangazo Uingereza mwaka 1968, na filamu yake ndefu ya kwanza ilitoka 1977, akikaribia miaka 40. David Fincher wa Marekani alifanya matangazo na video za muziki kabla ya filamu yake ya kwanza ya mwaka 1992. Miaka hiyo haikupotea: walilipwa huku wakijifunza kwa vifaa ambavyo wasingeweza kuvinunua.

Kijana wa Igogo au Nyegezi anayekaribia kupata tangazo lake la kwanza la kulipwa, naomba aangalie mkataba kabla ya kamera. Uandike marekebisho ni mangapi na la ziada linalipwa kiasi gani. Mimi tangazo langu la kwanza lilirudishwa mara tisa, na karatasi niliyokuwa nimesaini haikusema lolote juu ya jambo hilo.