Maana ya kuvua kwa kuona katika bahari kuu

Kuvua kwa kuona ni kumtafuta samaki kwa macho, kumbaini samaki mmoja aliye mahali fulani, na ndipo kumrushia chambo. Jicho hutangulia mshipi. Maana yenyewe ni hiyo tu, lakini katika pwani ya Kenya, hasa Watamu na Malindi ambako wageni huenda kuvua sulisuli na nduaro wakati wa kaskazi, jina hili hupachikwa karibu kila safari ambayo mtu amemwona samaki kabla mshipi haujakaza.

Safari nyingi za huko ni za kukokota. Boti huenda mwendo wa wastani, vyambo vikifuata nyuma ya tezi, yaani upande wa nyuma wa chombo, na mvuvi hukaa akisubiri. Sulisuli akiibuka, akasimamisha pezi lake la mgongoni na kukipiga chambo kwa mdomo wake mrefu, bila shaka ameonekana, na hakuna asiyesisimka. Ila aliyemtafuta mwenzake hapo ni samaki. Chambo kilikuwa majini muda wote, na kingaliumwa hata kama wote chomboni wangalifumba macho.

Wapo pia wanaohesabu kufuata ndege. Shakwe wakizunguka na kujitupa majini, nahodha hujua kwamba dagaa wamesukumwa juu, pengine na jodari. Huo ni ujuzi mkubwa, na wavuvi wetu walikuwa nao kabla ya mashine yoyote ya kutafutia samaki, lakini ni ujuzi wa kusoma dalili: anayerusha chambo katikati ya vurugu ile hajui kama kitaumwa na jodari au kolekole.

Mpaka ulio mgumu zaidi ni wa wale wanaovua sulisuli kwa chambo chepesi cha manyoya. Baharia hukokota vivutio visivyo na ndoana. Samaki akivifuata, huvutwa taratibu hadi karibu na boti, kivutio kikaondolewa, na mvuvi akarusha chambo chake. Kanuni za IGFA, shirika la kimataifa lililoanzishwa mwaka 1939 ambalo hutunza rekodi za uvuvi wa michezo, zinataka injini iwe imetolewa gia kabla ya kurusha. Kurusha kwenyewe ni kwa kuona, nakubali, lakini kutafuta kumefanywa na kivutio, kwa hiyo naihesabu nusu.

Mfano usio na shaka ni uvuvi wa songoro katika ghuba ya Chesapeake, jimbo la Virginia huko Marekani, ambako boti nyingi hujengewa mnara. Wakati wa kiangazi watu husimama juu yake, jua likiwa mgongoni, wamevaa miwani inayokata mng'ao wa maji, nao huchungulia saa nzima bila kurusha chochote. Songoro huonekana kama gogo la kahawia chini kidogo ya uso wa maji, mara nyingi akiandamana na samaki bapa mkubwa aitwaye taa. Chambo hutupwa mbele yake, kwenye njia anayoelekea, kwa sababu kikimwangukia kichwani hushtuka na kuzama. Tena mrushaji hukumbuka kwamba mwanga hupinda unapotoka majini, kwa hiyo samaki yuko chini zaidi ya anapoonekana. Songoro huyo huyo anaishi katika bahari yetu pia.

Ningewaomba basi wenye boti na wanaowaandikia matangazo waiite safari ya kukokota kwa jina lake, kwani halina aibu yoyote na sulisuli wengi wa Watamu wamepatikana hivyo. Na mgeni akisema anataka hasa kuvua kwa kuona, aelezwe kabla ya kulipa kwamba huenda akasimama juani tangu asubuhi hadi alasiri bila kurusha mshipi hata mara moja.