Je, wajua nyota za nyumba ya wazee nchini Marekani huhesabiwaje?

Mzee aliyevunjika nyonga na kufanyiwa upasuaji nchini Marekani mara nyingi hakai hospitalini mpaka apone kabisa. Baada ya siku chache familia hupewa orodha ya nyumba za uuguzi zilizo jirani na kutakiwa ichague haraka, wakati bado haijajua hata mgonjwa ataweza kusimama lini. Katika haraka hiyo wengi hufungua tovuti ya serikali ya Medicare, bima ya afya inayohudumia hasa wazee, wakatazama nyota zilizoandikwa mbele ya jina la kila nyumba, kuanzia moja hadi tano, na kuchagua ile yenye nyota nyingi. Swali linalostahili kuulizwa kabla ya kusaini chochote ni hili: nyota hizo zimetoka wapi, na ni nani aliyetoa taarifa zilizozizaa?

Mfumo huo ulianza Desemba 2008 chini ya idara ya taifa inayosimamia Medicare na Medicaid, bima ya watu wa kipato kidogo, nao huzihusu nyumba zipatazo 15,000. Nyota ya jumla hutokana na mambo matatu: ukaguzi wa afya, idadi ya watumishi, na vipimo vya ubora wa huduma. Hesabu huanzia kwenye ukaguzi. Nyumba iliyopata nyota tatu katika ukaguzi huanza na tatu; ikiwa ina nyota tano za watumishi huongezewa moja, na ikiwa ina nyota moja tu ya watumishi hupunguziwa moja. Kisha vipimo vya ubora navyo huongeza au kupunguza nyota moja kwa namna hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo nyumba mbili zenye nyota nne zinaweza kuwa tofauti sana. Chukua nyumba iliyopata nne katika ukaguzi, tatu kwa watumishi na tatu kwa vipimo: jumla yake ni nne. Chukua nyingine iliyopata tatu katika ukaguzi, mbili kwa watumishi na tano kwa vipimo: nayo itaandikwa nne. Ya pili ina wauguzi wachache na ukaguzi wake ni wa wastani. Kilichoipandisha ni vipimo, na vipimo ndiyo sehemu ambayo kwa kiasi kikubwa nyumba hujiandikia yenyewe.

Ukaguzi hufanywa na wakaguzi wa jimbo wanaofika kwa kushtukiza, na muda kati ya ukaguzi mmoja wa kawaida na mwingine hautakiwi kuzidi miezi 15. Kila kasoro hupewa herufi kuanzia A hadi L kulingana na uzito wake na upana wa madhara yake. Herufi J, K na L humaanisha kwamba wakazi walikuwa katika hatari ya mara moja ya kuumia vibaya au kufa, na msomaji anayeziona katika ripoti hana budi kusoma maelezo yote hata kama nyota zinapendeza. Hata hivyo, nyota za ukaguzi hugawanywa kwa kulinganisha nyumba za jimbo moja pekee: asilimia 10 zilizofanya vizuri zaidi hupata nyota tano, asilimia 20 za mwisho hupata moja, na zilizobaki hugawana mbili, tatu na nne. Ni kama mtoto aliyeshika nafasi ya kwanza darasani: tunajua amewashinda wenzake, lakini hatujui amepata alama ngapi. Ndugu mmoja akiwa Texas na mwingine Minnesota, wasilinganishe nyota za ukaguzi za nyumba za kwao kana kwamba zimepimwa kwa rula moja.

Ipo pia alama ya mkono mwekundu, iliyoanza kutumika mwaka 2019, ambayo huwekwa kwenye nyumba iliyotajwa kwa unyanyasaji wa wakazi. Ukiiona, soma ripoti kabla ya kupiga simu.

Kwa maoni yangu, sehemu inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko zote ni ya watumishi, kwa kuwa mkazi asiyeweza kujigeuza kitandani anategemea mikono ya mtu aliye zamu. Zamani nyumba zilijaza zenyewe idadi ya wauguzi wao. Tangu mwaka 2018 nyota hizo hutegemea kumbukumbu za malipo ya mishahara, ambazo ni vigumu zaidi kuzipamba. Mwaka 2022 ziliongezwa taarifa za watumishi wa mwisho wa juma na za kiwango cha watumishi wanaoacha kazi. Tazama mistari hiyo miwili bila kukosa. Nyumba inayokaribisha wageni Jumanne ikiwa na wauguzi wa kutosha inaweza kubaki na wachache sana Jumapili, na wasaidizi wa wauguzi wakiwa wanabadilika kila baada ya miezi michache, hakuna anayepata muda wa kujua kwamba mzee fulani halalamiki hata anapoumia.

Vipimo vya ubora huhesabu mambo kama wakazi walioanguka na kuumia vibaya, wenye vidonda vya kulala muda mrefu, wenye mpira wa mkojo na wanaopewa dawa za magonjwa ya akili. Ni mambo ya maana, ila sehemu kubwa ya taarifa zake hujazwa na watumishi wa nyumba yenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walilinganisha taarifa hizo na bili za hospitali, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 walikuta kwamba ni asilimia 57.5 tu ya maanguko yaliyoleta majeraha makubwa ndiyo yaliyokuwa yameripotiwa. Kwa wakazi weupe kiwango kilikuwa asilimia 59, na kwa wasio weupe asilimia 46.4. Familia za Kiafrika zisiipuuze tofauti hiyo. Vivyo hivyo, mkazi mwenye skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, hahesabiwi katika kipimo cha dawa za magonjwa ya akili, na mwaka 2023 serikali ilianza kukagua nyumba zinazoandika ugonjwa huo bila ushahidi wa kutosha. Zinazokutwa na kosa hushushiwa nyota za vipimo hadi moja.

Ni vema pia kujua unamtafutia mzee huduma ya aina gani. Vipimo vina nyota mbili tofauti, moja ya wanaokaa muda mfupi wakifanya mazoezi ya viungo ili warudi nyumbani, na nyingine ya wanaoishi humo moja kwa moja. Nyumba inaweza kufanya vizuri katika moja na vibaya katika nyingine.

Baada ya tovuti, nenda mwenyewe, na ikiwezekana nenda Jumamosi au Jumapili. Sheria inaitaka nyumba ibandike kila siku, mahali panapoonekana na wageni, karatasi yenye idadi ya wakazi pamoja na idadi na saa za kazi za wauguzi na wasaidizi wa kila zamu. Isome, kisha pita kwenye korido uone kama watu hao wapo kweli. Omba ripoti ya ukaguzi wa mwisho, ambayo haitakiwi kufichwa. Mpigie pia mtetezi wa wakazi wa nyumba hizi, ambaye kila jimbo linaye kisheria, umuulize malalamiko anayoyapokea kuhusu nyumba hiyo.

Liko na jambo ambalo hakuna nyota inayolipima, nalo ni lugha. Mzee aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau anaweza kupoteza Kiingereza chake na kubaki na Kiswahili peke yake, na hapo ombi la maji huwa gumu kueleweka. Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi hufanya kazi ya usaidizi wa uuguzi nchini Marekani. Uliza kama yupo mmoja wao katika nyumba hiyo, yuko zamu ipi, na usiku anapokuwa hayupo mzee atasaidiwa na nani kuzungumza.