Je, wajua kwa nini kiyoyozi hupimwa upepo kabla ya kupimwa gesi?

Mwezi wa Februari, kabla ya mvua za masika, joto la mchana hapa Moshi huvuka digrii 30, na simu za mafundi wa viyoyozi haziachi kulia. Malalamiko ni yaleyale kila nyumba: mashine inawaka, inanguruma, lakini chumba hakipoi. Mara nyingi mwenye nyumba huwa ameshaamua tatizo kabla fundi hajashuka kwenye pikipiki: gesi imeisha, iongezwe.

Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika kama ile ya kupikia. Huzunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa, ikibeba joto la chumbani na kulitupa nje, na kiasi kilichowekwa siku ya kufunga mashine kinapaswa kubaki kilekile kwa miaka yote. Ikiwa kweli imepungua, basi kuna mahali inavuja, na kuongeza bila kutafuta tundu ni kumimina maji kwenye pakacha. Hata hivyo, swali linalotangulia hilo ni kama gesi imepungua kweli, kwa sababu upepo ukiwa hafifu mashine huonyesha dalili zinazofanana mno na zile za upungufu wa gesi.

Ndani ya koili ya chumbani, yaani bomba lililokunjwakunjwa nyuma ya chujio, gesi huingia ikiwa kimiminika chenye baridi, nayo huchemka kwa kunyonya joto la hewa inayosukumwa na feni. Chujio likiziba vumbi, hewa inayopita huwa kidogo, joto linaloifikia gesi hupungua, na kompresa, yaani pampu inayozungusha gesi, ambayo haiachi kuvuta, hushusha shinikizo ndani ya koili. Shinikizo likishuka, kiwango cha joto ambacho gesi huchemkia hushuka pamoja nalo, hadi chini ya sifuri. Unyevu wa hewa huganda kwenye mapezi ya aluminiamu, na barafu hiyo huziba hata ule upenyo mdogo uliosalia. Gesi ikipungua, shinikizo hushuka vilevile na barafu hutokea vilevile. Anayetazama geji, yaani kipimo cha shinikizo, peke yake hawezi kutofautisha.

Niliona jambo hili kwa karibu katika nyumba moja ya mtaa wa Majengo. Mashine ilikuwa ya gesi ya aina ya R-410A, na geji ilisoma psi 90 (psi ni kizio cha shinikizo), yaani gesi ilikuwa inachemka kwenye digrii 3 au 4 chini ya sifuri. Mama mwenye nyumba alikuwa tayari ameandaa fedha za gesi. Fundi alimwomba, "Mama, nipe ndoo ya maji kwanza," akafungua kifuniko, akachomoa chujio na kulielekeza dirishani. Mwanga haukupita. Vumbi jekundu la barabara lilikuwa limeshikana na nyuzi za mazulia hadi likawa kama kipande cha blanketi, na bapa za feni ya ndani zilikuwa zimejaa uchafu uleule.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni cha kulinganisha. Fundi hubadili usomaji wa geji kuwa kiwango cha joto ambacho gesi inachemkia, kisha hubana kipimajoto kwenye bomba nene linalorudi kwenye kompresa. Gesi ikiwa pungufu, humaliza kuchemka mapema na kuendelea kupata joto njiani, hivyo tofauti huwa kubwa, pengine digrii 15 au zaidi. Upepo ukiwa hafifu, gesi hufika mwisho wa koili bado ina umajimaji, na tofauti hukaribia sifuri. Katika hali hii ya pili, kuongeza gesi ni hatari kabisa, kwa kuwa kimiminika hurudi ndani ya kompresa iliyoundwa kusukuma mvuke, nayo huharibika. Mtu hulipia gesi leo, na baadaye hulipia kompresa.

Wakazi wa Arusha wana sababu moja zaidi ya kuujali upepo. Mji wao uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10. Feni ileile ikizunguka kwa kasi ileile hupitisha hewa yenye uzito mdogo zaidi. Mashine huko huanza na upungufu wa hewa, kisha vumbi huuzidisha.

Ikithibitika kwamba gesi imevuja, kazi sahihi ni kuziba tundu, kuvuta hewa na unyevu wote kwa pampu, kisha kujaza kwa mizani kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje. Kuiachia gesi iliyobaki hewani si jambo dogo: kilo moja ya R-410A huongeza joto la dunia zaidi ya mara 2,000 ya kilo moja ya kabonidioksidi.

Kule Majengo chujio na feni vilioshwa, na barafu ikaachwa iyeyuke kwa saa moja hivi. Mashine ilipowashwa tena, hewa iliingia ikiwa na digrii 29 na kutoka ikiwa na 18, na geji ikatulia kwenye psi 120. Mtungi wa gesi haukufunguliwa.